Lakrosi ya wanaume au ya wanawake: shule za Mtwara na Lindi zianze na kanuni zipi?

Mwalimu wa michezo anayetaka kuanzisha lakrosi shuleni kwake, awe Newala, Nachingwea au Kilwa Masoko, huanza kwa kuwaza uwanja na idadi ya wachezaji. Hayo yanapatikana. Uwanja wa mpira wa miguu unatosha, na watoto wa kukimbia hatujawahi kuwakosa. Jambo zito la kuamua mapema ni kanuni. Lakrosi ya wanaume na lakrosi ya wanawake zina jina moja, mpira wa ukubwa mmoja na goli la ukubwa mmoja, lakini kila moja ina kitabu chake cha sheria, na tofauti zao zinagusa karibu kila kitu: vifaa vya kununua, namna ya kukaba, hata mahali beki anaporuhusiwa kusimama mbele ya goli lake. Ukinunua vifaa kwanza na kusoma kanuni baadaye, michango ya wazazi inaweza kwenda bure.

Niseme msimamo wangu tangu sasa ili msomaji ajue ninakoelekea. Naona shule zetu zianze na kanuni za wanawake, kwa wasichana na kwa wavulana vilevile. Wavulana watakuja kuhamia kanuni za wanaume siku vifaa vya kinga vitakapokamilika, si siku moja kabla. Sababu zangu zimo ndani ya kanuni zenyewe, kwa hiyo tuziweke bega kwa bega tuzitazame.

Kwa asiyeujua mchezo, lakrosi inachezwa kwa fimbo yenye kichwa cha wavu. Mpira ni wa raba ngumu iliyojaa, unaenea kiganjani, una uzito wa gramu 140 hadi 150 hivi. Unaudaka kwa wavu, unakimbia nao, unampasia mwenzio, unafunga kwenye goli la mraba lenye sentimita 183 kwa 183. Nyuma ya goli pia kunachezwa, jambo linalowashangaza sana waliozoea soka. Mchezo huu ni wa wenyeji wa Amerika Kaskazini, na Wahaudenosaunee, yaani muungano wa mataifa ya Iroquois, wanauheshimu hadi leo kama sehemu ya ibada na utu wao. Mwaka 1867 George Beers wa Montreal aliuandikia kanuni za kisasa, na mwaka 1890 wasichana wa shule ya St Leonards kule Scotland wakaanza kuucheza. Kwa miaka mingi wanaume na wanawake walicheza karibu sawasawa, wote bila vifaa vya kujikinga. Miaka ya 1930 upande wa wanaume ukaanza kubadilika: kugongana kukaongezeka, na kinga zikaongezeka pamoja nako. Wanawake wakabaki na mchezo wa wepesi na nafasi. Ndiyo maana naona ni kosa kuita kanuni za wanawake "lakrosi iliyopunguzwa makali". Wao ndio waliobaki karibu zaidi na pale wote walipoanzia.

Mwili kwa mwili

Hapa ndipo penye uzito wa uamuzi wote.

Kwa wanaume, kugongana kumo ndani ya sheria. Beki anaruhusiwa kumgonga kwa bega mwenye mpira, au aliye karibu na mpira unaogombewa, mradi amgonge kwa mbele au ubavuni, chini ya shingo na juu ya kiuno, huku mikono yake yote miwili iko kwenye fimbo. Kumgonga mtu mgongoni, kichwani au miguuni ni kosa. Anaruhusiwa pia kuipiga fimbo ya mpinzani kwa fimbo yake, na mkono wenye glavu ulioishika fimbo unahesabiwa kuwa sehemu ya fimbo. Kanuni hiyo moja inatosha kukueleza kwa nini mwanamume hachezi bila glavu nene: mikono yake itapigwa, na refa hatapuliza.

Kwa wanawake, kumgonga mtu kwa mwili hakuna. Beki anakaba kwa miguu. Anamfuata mwenye mpira, anamfungia njia, anamsukumia upande asioutaka kwa kuiwahi nafasi tu. Anaweza kuigonga fimbo ili mpira udondoke, lakini kwa pigo fupi linalotoka nje, mbali na mwili wa mwenzake. Kichwa kina ulinzi wake wa pekee: kanuni za Marekani zinahesabu eneo la kama sentimita 18 kukizunguka, na fimbo ya mkabaji ikiingia humo ni kosa hata kama haijagusa unywele. Ulinzi huo una upande wa pili, na nakiri ni upande unaonifurahisha kwa haki yake. Mwenye mpira naye haruhusiwi kuificha fimbo yake karibu na uso ili watu washindwe kumkaba. Ukijificha nyuma ya sheria, sheria inakutoa.

Kwa watoto wadogo Wamarekani wanakaza zaidi. Wa umri wa chini hawagongi fimbo kabisa, wanaofuata wanaigonga ikiwa chini ya bega tu, na ruhusa kamili inakuja wakishakua. Shule ya msingi yoyote ya kwetu ichukue ngazi hizo kama zilivyo.

Sasa rudi kwenye vifaa. Mchezaji wa kiume anavaa helmeti yenye kizuizi cha chuma usoni, kinga ya meno, glavu nene, pedi za mabega na pedi za mikono. Mchezaji wa kike anahitaji kinga ya meno na miwani ya kinga, basi. Marekani miwani hiyo ni lazima. Kwenye mashindano ya kimataifa imewahi kuachwa kwa hiari ya mchezaji. Mimi nawasihi walimu waifanye lazima bila mjadala. Jicho halina spea.

Kumekuwa na mabishano ya muda mrefu kama wanawake nao wavalishwe helmeti ngumu. Wanaopinga wanasema ukimvisha mtu helmeti anajiona chuma, naye anaanza kugonga. Wanaounga mkono wanasema majeraha ya kichwa yapo hata bila kugongana. Pande zote mbili zina ushahidi wa kushika. Kwa wanaume, mtikisiko wa ubongo unatokana zaidi na miili kugongana. Kwa wanawake unatokana zaidi na fimbo au mpira kupiga kichwa. Maana yake kwa mwalimu ni kwamba kanuni za wanawake haziondoi hatari. Zinaihamishia kwenye nidhamu ya fimbo, na nidhamu ya fimbo inafundishika kwa filimbi na uvumilivu. Hatari ya kugongana inapunguzwa kwa vifaa vya kununua, na vifaa hivyo ndivyo ambavyo hatuna.

Hebu fikiria hali halisi. Timu ya kiume ya wachezaji kumi uwanjani na wengine kumi wa akiba inataka helmeti ishirini, zinazowaenea, ambazo hazijapasuka. Hazipatikani madukani Masasi wala Lindi mjini. Zitaagizwa nje, zisafirishwe, zilipiwe. Na mtoto akiumia kichwa Liwale, safari ya kumfikisha hospitali ya Sokoine, Lindi mjini, ni ya saa nyingi. Joto nalo lina neno lake. Kuanzia Novemba hadi Machi, kaskazi ikivuma na unyevunyevu wa bahari ukikaa juu ya mji, mtoto aliyefungwa pedi na helmeti saa tisa mchana pale Mikindani anachoka vibaya kabla mchezo haujaiva. Kwa kanuni za wanawake anavaa fulana, kaptura au suruali ya michezo, na binti anayevaa hijabu ya michezo iliyobana anacheza bila tatizo, mkanda wa miwani ukipita juu yake.

Kuna walimu watakaosema wavulana waanze na kanuni za wanaume bila helmeti, "wagongane kidogo tu". Nawaomba msifanye hivyo. Kanuni za wanaume zimeandikwa kwa kuamini kwamba kila kichwa kimefunikwa na kila mkono umevikwa glavu. Ukiondoa vifaa ukaacha ruhusa ya kugonga, umebuni mchezo ambao hakuna mahali duniani unaporuhusiwa.

Fimbo

Wanaume wana fimbo za aina mbili. Fupi ina sentimita 101 hadi 107 hivi, ndiyo ya washambuliaji na viungo wengi. Ndefu inaweza kufika sentimita 183, karibu urefu wa mtu mzima, ndiyo ya mabeki, na timu hairuhusiwi kuwa na zaidi ya nne uwanjani kwa wakati mmoja, ukiacha ya golikipa. Beki mwenye fimbo ndefu anamsumbua mshambuliaji akiwa mbali, kwa hiyo mchezo wa wanaume una vita ya kudumu kati ya ufupi na urefu. Kwa wanawake, wachezaji wote wa ndani, yaani wasio makipa, wanashika fimbo ya sentimita 90 hadi 110. Hakuna wa kumfikia mwenzake kwa urefu wa mti. Lazima miguu ikufikishe.

Tofauti kubwa zaidi iko kwenye wavu. Wavu wa wanaume una kina, mpira unazama ndani yake, mtu anaweza kukimbia kwa mkono mmoja, akagongwa, akabaki nao. Wavu wa wanawake kwa asili ni wa juujuu: mpira ukiwa ndani, sehemu yake ya juu lazima ionekane juu ya ukingo wa kichwa cha fimbo. Mpira kama huo unadondoka kwa kosa dogo tu. Ili ukae, mchezaji anaipembeza fimbo huku na huku bila kuacha, mikono yote miwili ikisikilizana, na kila pasi inataka kifundo cha mkono chenye akili. Kujifunza kunachukua muda zaidi. Lakini aliyejifunzia wavu wa juujuu akija kupewa wavu wenye kina anaona ameletewa mteremko. Aliyeanza na kina akipewa wa juujuu anahangaika wiki nzima kuokota mpira chini. Hiyo ndiyo sababu yangu ya pili ya kutaka hata wavulana waanze upande huu.

Zingatia kwenye ununuzi: fimbo ya kiume haikubaliki katika mashindano ya wanawake, hata urefu wake ukiwa sawa, kwa ajili ya kichwa na kina cha wavu wake. Wasichana wasinunuliwe fimbo za kiume kwa sababu ndizo zilizokuwa bei nafuu.

Kabla ya kununua chochote, mazoezi ya mwanzo yanaweza kufanyika kwa fimbo za kutengeneza. Mianzi tunayo, fundi wa kukunja kichwa yupo, na vipande vya nyavu kuukuu za wavuvi vinapatikana Kilwa Kivinje na Msimbati. Tumieni mpira wa tenisi badala ya mpira wenyewe. Haviingii kwenye mechi rasmi, lakini mtoto atajua kudaka, kupembeza na kupasi kabla shilingi ya kwanza haijatumika.

Mpira wa kuanzia, na mchanga wetu

Wanaume wanaanza kwa kugombea chini. Wachezaji wawili wanachuchumaa katikati, fimbo zimelazwa ardhini, mpira uko kati ya vichwa vya fimbo, na filimbi ikilia kila mmoja anaukandamiza na kuuchomoa. Ni kazi ya nguvu na ujanja, na timu kubwa zina mtaalamu ambaye kazi yake ni hiyo tu. Wanawake wanaanza wamesimama. Migongo ya vichwa vya fimbo zao inabana mpira usawa wa kiuno au juu kidogo, na filimbi ikilia wanauvuta kwenda juu. Usipopita usawa wa vichwa vyao, hauhesabiki. Wenzao walioko pembeni wanaugombea ukiwa hewani.

Kwa viwanja vyetu hili si dogo. Shule nyingi za pwani ya Kusini zina viwanja vya mchanga. Mpira wa raba ukilala kwenye mchanga unazama nusu, na fimbo mbili zikiukandamiza zinachimba shimo na kurusha vumbi machoni. Hewani hakuna mchanga. Ukitazama kanuni nyingine mbili utaona ziko upande huohuo: mwanamke haruhusiwi kuufunika mpira wa chini kwa fimbo yake ili wengine wasiuokote, wala kuupiga teke kwa makusudi, ilhali mwanamume anaruhusiwa kuupiga teke. Kwa hiyo kwenye kanuni za wanawake mpira haukai chini muda mrefu. Unachotwa, unaondoka.

Mbele ya goli

Waliotoka kwenye soka watapata taabu hapa, walimu wakiwemo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Katika soka beki anayejitupa mbele ya shuti anashangiliwa na uwanja mzima wa Nangwanda Sijaona, Mtwara. Katika lakrosi ya wanaume naye anaweza kusimama kwenye njia ya mpira, akaumia kwa hiari yake, na refa hana neno. Katika lakrosi ya wanawake hilo ni kosa kubwa. Mshambuliaji akiwa na mpira, anatazama goli na yuko tayari kupiga, nafasi kati yake na goli ni yake. Beki haruhusiwi kuingia katika nafasi hiyo na kuiziba, isipokuwa awe anamkaba mtu aliye umbali usiozidi urefu wa fimbo. Kwa maneno mengine: kaba mtu, usikabe njia ya mpira. Na asiyemkaba mtu haruhusiwi kukaa zaidi ya sekunde 3 ndani ya tao lililochorwa mbele ya goli, ambalo kwa kanuni za Marekani liko mita 8. Wachezaji wa kikapu wataielewa mara moja, kwa kuwa nao wana sekunde 3 zao, ingawa za kwao zinamhusu zaidi anayeshambulia.

Sababu ni ileile: mchezaji wa ndani hana helmeti, na mpira unaweza kuja kwa kasi ya kuvunja mfupa. Kanuni inawaondoa watu kwenye njia ya risasi. Mwalimu akiipuuza hii kwa kuiona ngumu, ameondoa nguzo iliyoshikilia paa lote; afadhali apunguze mengine yote aibakize hii. Ndiyo maana siku za kwanza nashauri mabeki wafundishwe kukaba bila mpira kabisa, kila mmoja na mtu wake, kama mkabaji wa netiboli anavyomganda GA, mmoja wa wafungaji, asipumue.

Beki akikosea ndani ya tao, mshambuliaji anapewa pigo huru. Njia yake inasafishwa, wapinzani wanarudi angalau mita 4, na filimbi ikilia anaweza kupiga papo hapo, kukimbia nao au kupasi. Ni penalti inayotembea. Kwa mtazamaji ni dakika tamu kuliko zote.

Wanaume hawana hilo kwa sura hiyo. Kwao adhabu inahesabiwa kwa muda. Kosa dogo linamtoa mchezaji sekunde 30, kosa kubwa linamtoa dakika 1 hadi 3, na timu yake inabaki pungufu, wenzake wakishambuliwa na watu wengi kuliko wao. Wanawake nao wana kadi: ya njano inamweka mtu nje dakika 2, nyekundu inammaliza siku. Lakini makosa mengi ya kawaida ya wanawake yanaishia palepale kwa kumpa mwenzako mpira na nafasi.

Kwa refa anayeanza, kanuni zipi ni rahisi? Nitasema kweli hata kama inapunguza nguvu ya hoja yangu: za wanaume. Kugongana vibaya kunaonekana wazi, na adhabu ni saa mkononi. Za wanawake zinamtaka refa aone nafasi, umbali na nia kwa wakati mmoja. Anayechagua kanuni za wanawake aandae marefa kabla ya wachezaji. Walimu wa netiboli wa mikoa yetu wana jicho la aina hiyo tayari. Wamezoea kupima futi 3 kwa macho na kupuliza mguso mdogo. Ningeanza nao.

Yaliyobaki, kwa haraka

| Jambo | Wanaume | Wanawake |
|---|---|---|
| Wachezaji uwanjani | 10 | 10 kimataifa. 12 vyuoni na sekondari za Marekani |
| Muda wa mechi za watu wazima | robo 4 za dakika 15 | robo 4 za dakika 15 |
| Goli | sm 183 kwa 183 | sm 183 kwa 183 |
| Fimbo za wachezaji wa ndani | fupi na ndefu | urefu wa aina moja |
| Kinga | helmeti, meno, glavu, mabega, mikono | meno na miwani |
| Kugongana kwa mwili | kunaruhusiwa kwa mipaka | hakuruhusiwi |
| Golikipa | kinga kamili | kinga kamili |

Kubadilisha wachezaji ni wakati wowote, bila kikomo, pande zote mbili. Kuotea kupo pande zote mbili pia, kwa maana ya kubakiza idadi fulani ya wachezaji kila upande wa uwanja: wanaume wanabakiza angalau 4 nyuma, golikipa akiwemo, na 3 mbele. Shuti likitoka nje, mpira unapewa timu ambayo mchezaji wake alikuwa karibu zaidi na mahali ulipotokea, kwa hiyo kuukimbiza mpira unaotoka ni kazi yenye malipo. Wavulana wakilielewa hilo, hawaachi tena mpira uende zake.

Njia ya tatu: sita kwa sita

Kuna mtindo wa karibuni ambao kwa shule zetu unaweza kuwa mlango bora kuliko yote mawili niliyolinganisha. Timu ina wachezaji 6 uwanjani, golikipa akiwemo, na kikosi kizima ni watu 12. Uwanja ni mita 70 kwa 36. Robo ni 4 za dakika 8. Kila timu ina sekunde 30 za kupiga goli, na bao likiingia hakuna kurudi katikati: golikipa anautoa mpira, mchezo unaendelea. Fimbo ndefu za mabeki hazipo.

Huu ndio utakaochezwa kwenye Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028, timu 6 za wanaume na 6 za wanawake. Lakrosi iliwahi kugawiwa medali mwaka 1904 St. Louis na 1908 London, zamani za wanaume peke yao. Safari hii wanawake wamo kwa idadi sawa, na nalitaja hili kwa furaha, kwa kuwa binti wa Tandahimba anayeanza leo hataambiwa kwamba mchezo huu una mlango wa kaka yake tu. Majirani wamekwisha kuingia: Uganda ndiyo iliyokuwa nchi ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano ya dunia ya wanaume, mwaka 2014 kule Denver, na wanawake wake walifika Towson, Maryland, mwaka 2022. Kenya nayo inacheza.

Uzuri wa sita kwa sita kwa mwalimu wa huku ni wa hesabu za kawaida. Uwanja wa mpira wa miguu wenye upana wa mita 70 na urefu wa mita 100 unaugawa kwa kukata upana, unapata viwanja viwili vyenye nafasi katikati, na watoto 24 wanacheza kwa pamoja. Fimbo 12 zinatosha mechi moja, na kwa fimbo 24 viwanja vyote viwili vinatumika. Vipimo vya uwanja na idadi ya wachezaji ni sawa kwa wanaume na wanawake. Tofauti ya mguso na vifaa inabaki palepale: wanaume na helmeti, wanawake na miwani. Kwa hiyo hata hapa uamuzi wa mwanzo haukwepeki.

Nichague vipi, basi?

Shule ya wasichana: hakuna cha kuwaza. Kanuni za wanawake, kwa mtindo wa sita kwa sita, miwani kwa kila mtoto.

Shule ya mchanganyiko yenye vifaa vichache, na hizi ndizo nyingi, ichukue kanuni za wanawake kwa wote. Wavulana watanung'unika kwamba wamepewa mchezo wa kike. Wape wiki mbili za wavu wa juujuu, wakimbizane na wasichana waliowatangulia kujua kupembeza, na manung'uniko yataisha yenyewe. Kwenye mechi ndogondogo za mazoezi wanaweza hata kuchanganyika, jambo ambalo chini ya kanuni za wanaume lisingewezekana kwa usalama.

Chuo cha ualimu au chuo kikuu chenye vijana wakubwa wa kiume, bajeti ya michezo na mfadhili wa uhakika kinaweza kuanza na kanuni za wanaume. Sharti langu kwao ni moja: helmeti, glavu na pedi ziwe zimefika kwa idadi kamili. Zikifika nusu, nusu ndio wacheze. Kubadilishana helmeti yenye jasho katikati ya mchezo si afya, na mara nyingi haimwenei wa pili.

Kuhusu muda wa kuomba michango, wenyeji hawahitaji kuelezwa. Ombi la Juni linajibiwa kwa adabu. Ombi la Novemba, mnada wa korosho ukishapita na AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, ikishalipa, linajibiwa kwa pesa. Lakrosi bado haimo katika orodha ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, kwa hiyo msitegemee fungu la huko. Mnachoweza kufanya ni kutumia siku ambazo shule zinakutana kwa michezo mingine kuonyesha mechi fupi ya dakika 8, nayo itasema kuliko barua kumi.

Limebaki la golikipa, ambalo halina kanuni za wanaume wala za wanawake. Upande wowote utakaouchagua, golikipa anavaa helmeti, kinga ya koo, kinga ya kifua, kinga ya meno na glavu. Vifaa hivyo vya mtu mmoja vinunuliwe kabla ya fimbo ya pili. Kama bado havijafika, msimweke mtoto golini hata kwa mpira wa tenisi. Funikeni goli kwa gunia au turubai, kateni matundu kwenye kona nne, na washambuliaji wajifunze kulenga hapo hadi vifaa vifike.